Jibu: Neno “mortgage” lina kifo ndani yake?

Ndugu yangu, umeuliza kama ni kweli “mortgage”, ule mkopo wa nyumba, maana yake ya asili inahusu kifo, au ni maneno ya vijiweni tu. Ni kweli kabisa. Ni maneno mawili ya Kifaransa cha kale: mort, mfu, na gage, dhamana. Rehani mfu.

Kifaransa kiliingia na Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066, kikatawala mahakamani kwa karne nyingi. Mwaka 1362 sheria iliagiza kesi zisemwe kwa Kiingereza, lakini mawakili waliendelea kung'ang'ania istilahi zao.

Sasa, kilichokufa ni kipi? Hapa ndipo panaponivutia mno. Katika karne ya 12 mkopaji aliweza kumkabidhi mkopeshaji shamba lake. Mavuno yakipunguza deni, hiyo ni rehani hai. Lakini mkopeshaji akila mavuno msimu baada ya msimu na deni likabaki palepale, hiyo ndiyo rehani mfu: shamba lipo, linazaa, ila mwenyewe halimsaidii chochote.

Wengi hunukuu maelezo ya Edward Coke, jaji wa karne ya 17: mkopaji asipolipa, ardhi imekufa kwake, akilipa, rehani imekufa kwa mkopeshaji. Yanapendeza, ila mimi nayaamini zaidi yale ya kale, maana yako karibu na chimbuko la neno.

Na gage hiyohiyo imo ndani ya “engage”. Hata “wage”, ujira, ni umbo lake la Kifaransa cha kaskazini.