Muulize Shangazi: Hela za Mfuko wa Familia na Masharti Yake

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni katibu wa kamati ya shule kijijini kwetu. Tumefyatua tofali na kuinua boma la madarasa mawili hadi usawa wa lenta, hapo tumekwama. Mfuko wa hisani wa familia moja tajiri uko tayari kupaua, ila unataka kwanza tuchangie nusu ya gharama, tena kiwanja kiandikwe mali ya halmashauri. Wazee wamegoma. Wanasema tajiri akitoa atoe, asitukamue. Tufanyeje?*
Katibu, Singida

Marahaba mwanangu. Kabla sijastaafu nilikuwa nikikagua hesabu za asasi, na hilo la "changieni kwanza" nimelikuta kila nilikokwenda. Si geni, wala halikuanzia kwetu. Aliyelitumia kwa ukubwa kuliko wengi ni Julius Rosenwald wa Chicago, Marekani, bosi wa kampuni ya Sears, Roebuck iliyokuwa ikiuza bidhaa kwa njia ya posta. Mwaka 1912, alipotimiza miaka 50, alikipa chuo cha Tuskegee kule Alabama dola 25,000. Mkuu wa chuo, Booker T. Washington, akamwomba masalio ya fedha hizo yajengee watoto weusi shule sita ndogo za vijijini. Wakati huo watoto hao walisomea makanisani na kwenye mabanda, kwa sababu kodi za wazazi wao ziliishia kwenye shule za wazungu. Shule ya Loachapoka iligharimu kama dola 942. Rosenwald alitoa 300 tu, nyingine zikatoka kwa majirani, kwa fedha na kwa mikono.

Mwaka 1917 akauanzisha mfuko rasmi. Hadi anafariki mwaka 1932 zilikuwa zimejengwa shule karibu 5,000 katika majimbo 15. Wakulima walitenga kipande cha shamba la pamba, mavuno yake yakawa ya shule. Kina mama waliuza kuku na vyakula. Gharama zote zilifika kama dola milioni 28. Mfuko ulitoa milioni 4 na ushee, kubwa lilitoka kwenye kodi, na watu weusi wenyewe, wengi wao wakulima wa kugawana mavuno na mwenye shamba, walichanga kama milioni 4.7.

Hizo namba zisome tena, Katibu. Maskini walimzidi tajiri, na jina kwenye shule likawa la tajiri! Tena walikuwa wamelipa mara mbili, maana kodi walishakatwa. Rosenwald naye hakuugusa ubaguzi wenyewe: shule zilibaki za weusi peke yao, na ndivyo alivyozijenga. Kwa hiyo wazee wako wana hoja, usiwabeze kwenye kikao.

Ila lile sharti la kiwanja wanalolihofia ndilo ambalo mimi ningelidai hata kama mfadhili angelisahau. Mfuko wa Rosenwald ulitaka jengo na ardhi viwe mali ya bodi ya elimu ya serikali ya pale, na bodi iendeshe shule miezi isiyopungua mitano kwa mwaka. Jengo likiwa la tajiri, serikali hukaa pembeni ikapiga makofi. Likiwa kwenye vitabu vyake, mwalimu ni wa kwake, choo kikititia ni cha kwake. Wilaya ambazo kwa miaka zilijifanya hazioni watoto weusi zikajikuta zinamiliki shule zao.

Rudini basi mezani, mkiwa na karatasi. Nusu kwa fedha taslimu ni kubwa mno, na hata kule Alabama jasho na mbao vilihesabiwa kama mchango. Mwiteni mhandisi wa halmashauri athaminishe boma lilivyo sasa: tofali, mchanga, maji, siku za msaragambo, ufundi. Aandike, apige mhuri. Nimeshaona daftari la kijiji ambalo boma zima limeandikwa "nguvu za wananchi" bila tarakimu hata moja mbele yake, na mfadhili akalihesabu sifuri. Mlilosimamisha huenda linakaribia hiyo nusu. Kiwanja kitoeni, lakini muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji useme ni kwa ajili ya shule tu, na halmashauri iahidi kwa maandishi walimu na madawati itakayoleta. Mfuko ukikataa kuibana halmashauri huku ukiwabana ninyi, hapo nami nitakaa upande wa wazee.

Kitu kimoja zaidi, ambacho hukuniuliza. Shule za Rosenwald zilikuwa na safu ya madirisha makubwa, marefu, na ramani zilieleza jengo litazame wapi ili mwanga uingie kutoka mashariki na magharibi, maana umeme haukuwapo. Kabla ya kupaua, simama ndani ya boma saa nane mchana uone mtoto wa dawati la nyuma atasomaje siku umeme ukikatika.

*Shangazi, shikamoo. Mjomba wangu anashikilia kwamba familia ya Kennedy ndiyo iliyomlipia babake Obama nauli ya kwenda Marekani. Ni kweli?*
Mwanafunzi, Kisumu

Mwambie mjomba, kwa adabu, kwamba tarehe zinamkatalia. Obama mkubwa aliingia Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1959. Mwaka huohuo Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani waliwasafirisha wanafunzi 81 kwa ndege, na walioomba michango ni kina Jackie Robinson, yule mchezaji wa besiboli, pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier. Kennedy bado hakuwemo.

Fedha za Kennedy zilikuja 1960. Julai mwaka ule Mboya alimfuata Seneta John Kennedy nyumbani kwao Hyannis Port, na mfuko wa familia ukatoa dola 100,000. Mfuko wenyewe ulibeba jina la kaka yake, Joseph, aliyekufa vitani mwaka 1944, na kazi yake hasa ilikuwa kusaidia watu wenye ulemavu wa akili. Wanafunzi wa Afrika Mashariki hawakuwa kwenye mpango wake kabisa. Serikali ya Marekani, iliyokuwa imekataa kulipa, iliposikia Kennedy anatoa, ghafla nayo ikazipata dola 100,000. Uchaguzi wa rais, Kennedy akiwa mgombea, ulikuwa Novemba, unaelewa. Wangari Maathai ni mmoja wa waliopanda ndege Septemba hiyo, akaenda chuo kule Kansas.

Mjomba akitaka kubisha, abishe kama ule ulikuwa ukarimu au kampeni. Mimi naona vyote viwili vilipanda ndege moja.

*Shangazi, kikundi chetu cha vijana kinafadhiliwa na mfuko wa familia ya Kimarekani. Mikutano ya elimu ya uraia wanalipia bila shida. Walipoona kwenye bajeti bodaboda za kupeleka watu kujiandikisha kupiga kura, wakafuta. Wanaogopa nini?*
Kijana, Tanga

Wanaogopa sheria ya kwao ya mwaka 1969. Zamani mifuko ya familia ililipia mambo hayo waziwazi. Mwaka 1962 mfuko wa Taconic, wa Stephen na Audrey Currier, pamoja na mifuko ya Field na Stern, iligharimia mradi wa kuandikisha wapiga kura weusi Kusini mwa Marekani. Ofisi ilikuwa Atlanta, msimamizi mwanasheria Wiley Branton. Katika miaka kama miwili na nusu walioandikishwa walikaribia 700,000. Kisha mwaka 1967 fedha za Ford Foundation zilisaidia uandikishaji Cleveland, na Carl Stokes akashinda umeya, mtu mweusi wa kwanza katika mji mkubwa kiasi kile. Baadhi ya wabunge wakakereka. Sheria iliyofuata inataka anayefadhiliwa kwa uandikishaji afanye kazi katika majimbo 5 ya Marekani au zaidi, asiwe wa uchaguzi mmoja tu, na asipate zaidi ya asilimia 25 ya msaada wake kwa mfadhili mmoja. Kikundi cha Tanga kitayatoa wapi majimbo matano?

Kwa hiyo msigombane nao, hawajawadharau. Bodaboda zilipieni kwa michango yenu, zikae kwenye daftari lake na stakabadhi zake, zisigusane na fedha za mfuko hata kwa siku moja. Ulizeni pia Tume ya Uchaguzi kuhusu kibali kabla hamjaanza, na mkataba ujao msiutie saini mpaka mpewe nakala ya Kiswahili.