Kupandisha toleo la OPNsense ofisi ikiwa na boksi moja tu: ujaribie wapi?

Mkuu, nimekuelewa hivi: ofisi ina boksi moja la OPNsense (programu ya firewall na router), tawi la Mwanza linaingia kwa WireGuard (aina ya VPN), huna kifaa cha akiba, na bosi hataki kusikia mtandao umekatika saa za kazi. Waliokuambia "bonyeza tu, haina noma" hawakudanganyi, ila kwao kuna WAN (upande wa intaneti), LAN (mtandao wa ndani) na basi. Kwako kinachoweza kuleta balaa ni config.xml yako, yaani faili la mipangilio yote, ikikutana na programu mpya, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kujaribu.

Matoleo makubwa ya OPNsense hutoka Januari na Julai, ndiyo maana namba zinaishia na .1 na .7. Mimi sigusi toleo kubwa wiki lilipotoka. Nasubiri marekebisho ya kwanza huku nikisoma maelezo ya toleo. Waliokuwa pfSense, firewall ambayo OPNsense ilitokana nayo, wanakumbuka 2021: 2.5.0 ilikuja na WireGuard, 2.5.1 ikaiondoa, na aliyekuwa na tunnel (njia za VPN) ilibidi azifute kwanza ndipo apande.

Sasa kazi yenyewe. Pakua config.xml, weka VirtualBox (programu ya kuendesha kompyuta pepe) kwenye laptop, humo usimike toleo lilelile unalotumia leo. Usianze na jipya, maana safari ya kutoka la zamani kwenda jipya ndiyo unayoipima. Kadi za mtandao za VirtualBox huwa zinaonekana kama em0 na em1, wakati boksi lako pengine lina igb0 na igb1. Fungua nakala ya faili kwa kihariri cha maandishi, badilisha igb0 iwe em0 na igb1 iwe em1 kila zinapotokea, hata kwenye VLAN (mitandao iliyogawanywa juu ya kadi moja), halafu ndipo uiingize.

Ila kabla hujaiingiza, toa tiki ya kebo kwenye kadi ya WAN ndani ya VirtualBox. Hapo usikose. Faili hilo limebeba funguo za siri za WireGuard. Nakala ikiamka ikiwa na intaneti, itabisha hodi Mwanza kwa ufunguo uleule wa ofisi, na WireGuard hupeleka majibu kwenye anwani ilikotoka pakiti ya mwisho iliyothibitishwa kwa ufunguo huo. Mwanza itaanza kujibu laptop yako. Ofisi nayo itatuma yake, majibu yarudi kwake, yaende tena kwako, na watu wa tawi watakupigia wakilalamika mtandao unakuja na kupotea. Dynamic DNS, inayofuatisha jina la ofisi na IP ya sasa, nayo ni hivyohivyo: jina la ofisi litahamia kwenye IP ya nyumbani kwako. Zima hivyo viwili, weka WAN iwe DHCP (ipewe IP yenyewe), ndipo urudishe kebo. (Na faili hilo usije ukalipakia humu kuomba msaada.)

Kabla ya kupandisha, ingia shell (sehemu ya kuandika amri) uandike hizi, zinahifadhi orodha ya sheria za firewall na za NAT:

pfctl -sr > /root/kabla.txt
pfctl -sn > /root/kabla-nat.txt

Pandisha, iwake upya, toa tena kwa majina ya "baada", kisha linganisha kwa amri ya diff. Mstari uliopotea au kubadilika utauona kwa macho, badala ya kuusikia kwa mhasibu. Baada ya hapo washa kompyuta pepe ya pili kwenye LAN ujaribu yale wanayotumia kila siku: DHCP, DNS, poti mlizofungua kwa ajili ya kamera. Tunnel ijaribu kwa funguo mpya dhidi ya "Mwanza" ya bandia uliyoitengeneza hapohapo.

VirtualBox haitakuambia kama draiva ya kadi zako halisi ni nzima kwenye toleo jipya, hasa zikiwa Realtek. Hapa OPNsense ina kitu kizuri ambacho wengi hawakitumii. Flashi ya usimikaji huwaka yenyewe bila kugusa diski, na wakati wa kuwaka hukupa nafasi ya kubonyeza kitufe ili isome mipangilio kutoka kwenye diski iliyomo. Nenda jioni watu wakishatoka, washa boksi kwa flashi ya toleo jipya, iambie isome diski, na utakuwa na toleo jipya juu ya kadi zako halisi na mipangilio yako. Programu-jalizi ulizoongeza mwenyewe hazitakuwepo, hilo lisikutishe. WireGuard ipo, imeingizwa ndani ya mfumo tangu 24.1. Pima kasi kwa iperf3, piga simu Mwanza wafungue mfumo wao, ukiridhika chomoa flashi uwashe upya: boksi linarudi lilivyokuwa.

Siku ya kupandisha kweli, UPS iwepo na iwe inashika chaji, na uwe palepale ofisini ukiwa na skrini na kibodi. Kama diski imepangwa kwa mfumo wa faili wa ZFS, hifadhi kwanza hali ya sasa ya kurudia:

bectl create kabla

Mambo yakiharibika, "bectl activate kabla", washa upya, umerudi. Tangu 24.7 kuna na ukurasa wa snapshot (nakala hizo za kurudia) kwenye menyu, lakini mwenye skrini nyeusi mbele yake hana menyu, kwa hiyo zoea amri. Na ujaribu kurudi kwenye VirtualBox kwanza, mpaka mikono izoee.

Andika "bectl list" uone inakujibu nini. Ikikataa, pengine diski yako ni UFS, mfumo wa faili ambao bectl haifanyi nao kazi, na kurudi kwake ni flashi ya toleo la zamani pamoja na config.xml, yaani kusimika upya. Tuwekee hapa majibu yake na aina ya kadi zako kabla hujapanga siku.