Insha ya Kiingereza inavyowaangusha watahiniwa wazuri

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia, amevunjika moyo. Mtihani wa utumishi wa umma ameufanya vizuri masomo yote, kaangushwa na insha ya Kiingereza. Ananiuliza anunue kamusi gani. Dada yangu, kamusi iache kwanza.

Nasema hivi kwa sababu nimeyapitia. Katika kikundi chetu cha kujisomea, mimi ndiye niliyechekwa kwa Kiingereza chepesi. Wenzangu walikuwa na madaftari yaliyojaa maneno mazito na nukuu za wanafalsafa. Mmoja aliniambia mbele ya wote kwamba kwa sentensi zangu za kitoto nisipoteze ada ya mtihani. Maneno yale yaliniuma, na bado yananiuma. Matokeo yalipotoka, insha ndiyo iliyonibeba, na ndiyo hiyo hiyo iliyomwangusha yeye.

Karatasi hii si ya kuchezea. Pakistan, katika mtihani wa CSS, yaani wa kuingia utumishi wa umma, insha ina alama 100 na karatasi ya muhtasari na utunzi alama 100 nyingine. Ukipata chini ya 40 katika mojawapo, umeanguka mtihani mzima. India, karatasi ya lazima ya Kiingereza katika mtihani wa UPSC, tume yao ya utumishi wa umma, haiongezi hata alama moja kwenye jumla yako, lakini usipofikisha asilimia 25 safari yako imeishia hapo.

Sasa watu wanakwama wapi? Wanakariri. Swali linauliza kama kugatua madaraka kunapunguza rushwa. Mtahiniwa analiona neno rushwa tu, anamwaga insha aliyokuja nayo kutoka nyumbani: maana ya rushwa, vyanzo, madhara, suluhisho. Kurasa zinajaa, ugatuzi haumo. Mwalimu wangu alikuwa akiandika pembeni mwa kila aya yangu, kwa wino mwekundu, "Kwa hiyo?" Nilimchukia kweli! Lakini kadiri siku zilivyokwenda nikawa najiuliza mwenyewe kabla hajaniuliza yeye, na hapo ndipo aya zangu zilipoanza kushikana.

Sarufi nayo ipo. Sisi tunaofikiri kwa Kiswahili tunateleza palepale kila siku: nyakati zinayumba, na mwanamume anageuka mwanamke katikati ya aya kwa kuwa "yeye" yetu haibagui. Haya huyaoni ukisoma. Unayaona ukiandika na mtu akakusahihisha.

Kwa hiyo andika. Chukua tahariri ya gazeti, isome mara mbili, ifunike, kisha iandike upya kwa maneno yako hadi ibaki theluthi moja. Fanya hivyo kila jioni, kwa kalamu, maana chumba cha mtihani hakina wa kukupigia mstari mwekundu chini ya kosa. Mwisho wa wiki andika insha nzima kwa saa 3 bila kunyanyuka.

Na ndugu zangu, tuache kuabudu maneno makubwa! Ofisini utaandika barua itakayoamua haki ya mtu. Asipokuelewa, umemdhulumu.

Kama huna mwalimu, tafuta mwenzako mbadilishane karatasi. Kila mmoja amwambie mwenziwe, kwa sentensi moja tu, insha yake inadai nini. Akishindwa kusema, msigombane, insha irudiwe.