Nimebadilisha paa, sasa mkaguzi wa kodi anataka risiti

Swali: Nina nyumba nne za kupangisha. Mwaka juzi nilibadilisha paa lote la nyumba moja, nikaandika gharama yote kama matengenezo. Nimepata barua ya ukaguzi inayotaka risiti za mwaka ule na taarifa za benki. Risiti ya fundi imeandikwa kwa mkono na haina hata jina langu. Je, nirekebishe ritani (fomu ya mapato niliyowasilisha kwa mamlaka ya kodi) kabla hawajafika, na nimwombe fundi anitengenezee risiti nyingine?

Jibu: Ndugu msomaji, tutenganishe maneno kwanza, maana Kiswahili kina mtego hapa. Anacholipa mpangaji nitakiita pango, na kodi ibaki ya serikali.

Fundi usimwombe. Risiti iliyoandikwa leo kwa tarehe ya mwaka juzi inageuza kosa la hesabu kuwa udanganyifu, na tofauti yake ni kubwa. Marekani, kwa mfano, mamlaka kwa kawaida ina miaka 3 ya kukukagua. Inakuwa 6 ukiacha nje mapato yanayozidi asilimia 25 ya mapato ghafi (kabla ya kutoa gharama) uliyotangaza. Penye udanganyifu haina kikomo. Peleka risiti yako ilivyo, kisha izungushie ushahidi mwingine: muamala wa benki uliomlipa fundi, risiti za duka la vifaa, ujumbe mliopatana bei, picha za paa bovu na za paa jipya. Mkaguzi ameshaona risiti za mkono nyingi tu. Kinachomtia shaka ni risiti isiyo na malipo yanayolingana nayo.

Sasa paa lenyewe. Mkaguzi hatazami ukubwa wa gharama pekee. Anauliza kama uliirudisha nyumba ilivyokuwa au uliiongezea maisha. Kuziba panapovuja ni matengenezo, hukatwa kwenye mapato ya mwaka huohuo. Paa zima jipya nchi nyingi hulihesabu kuwa mtaji, yaani kitu cha kudumu, na gharama yake hukatwa kidogokidogo mwaka hadi mwaka kama uchakavu, yaani kupungua kwa thamani yake. Kwa Marekani, nyumba ya kuishi inayopangishwa huhesabiwa miaka 27.5, kwa hiyo kwa mwaka mzima ungekata takriban asilimia 3.6 ya gharama ya paa. Wewe umekata 100. Uingereza nako hakuna uchakavu wa jengo la kuishi, ila hata madirisha ya kioo kimoja yakibadilishwa kuwa ya vioo viwili hukubaliwa kama matengenezo. Fuata sheria ya nchi inayokukagua, hata kama wewe unaishi kwingine.

Kuhusu kurekebisha ritani, umechelewa kidogo. Marekani marekebisho ya kukwepa adhabu lazima yafike kabla mamlaka haijakutafuta kuhusu ukaguzi. Uingereza anayekiri baada ya kuulizwa hupunguziwa adhabu, ila si sawa na aliyejitokeza mwenyewe. Hata hivyo, mimi ningekiri suala la paa siku ya kwanza, na hesabu sahihi ikiwa mkononi. Atalikuta tu.

Mahali ambapo wenye nyumba huumia hasa ni taarifa za benki, na wewe umezitaja tu bila kuuliza lolote juu yake. Mkaguzi hujumlisha kila shilingi, dola au pauni iliyoingia, halafu analinganisha na pango ulilotangaza. Kinachozidi anakichukulia kuwa mapato mpaka uthibitishe vinginevyo. Kwa hiyo kaa na taarifa hizo kabla yake, uandike pembeni ya kila kiingilio ni kitu gani: pango la nyumba ipi, mkopo, uhamisho kutoka akaunti yako nyingine, fedha ya ndugu, dhamana ya mpangaji. Dhamana kwa kawaida si mapato maadamu unapaswa kuirudisha. Ukiizuia kufidia pango lisilolipwa, inakuwa mapato. Ukiwa ulichanganya akaunti ya nyumba na ya matumizi ya nyumbani, kazi hii itakula wikendi mbili.

Ukiwa hapohapo, angalia kama ulikata rejesho zima la mkopo. Riba inaweza kukatwa kwa kadiri sheria inavyoruhusu. Deni la msingi, yaani kiasi chenyewe ulichokopa, halikatwi kamwe. Na kama ulikata uchakavu, thamani ya ardhi haikupaswa kuwemo.

Barua yenyewe ijibu ndani ya muda, au omba muda zaidi kwa maandishi. Peleka nakala, nyaraka halisi zibaki kwako, na utoe alichoomba tu: wameuliza mwaka mmoja, usiwapelekee boksi la miaka sita.