Barua kwa Mwanangu: Jina Letu Halikutoka kwenye Juya

Mwanangu Danieli,

Sisi huku hatujambo. Mguu wa mama yako umepungua uvimbe, na paa la jikoni tumeliziba kabla ya masika. Ujumbe wako ulinifikia Jumapili, nikausoma mara mbili uani kabla sijavua viatu vya kanisani.

Unasema mwenzako wa kazini huko Doha, Mmalawi, alicheka alipoona kitambulisho chako, akakwambia kwamba Mavuto kwa lugha yao ni matatizo. Unauliza kama ni kweli. Unauliza pia kama umwandikishe mtoto jina hilo, maana mkeo anasita kumbebesha mtoto mchanga matatizo tangu siku ya kwanza.

Ni kweli. Nimelijua hilo tangu 1996, na sikuwaambia.

Nyinyi mlikua na hadithi ya babu yenu: kwamba mkuu wetu, yule wa kwanza wa ukoo, alivuta juya, ule wavu mkubwa wa samaki, peke yake pale ambapo wengine walihitaji kuwa watu watatu, ndipo akaitwa Mavuto. Mlipotaniwa shuleni “vuta, vuta”, mlijibu kwa fahari. Nami nililelewa kwa hadithi hiyohiyo.

Mwaka huo wa 1996 nilikuwa dereva wa kampuni moja ya Dar, tumepakia mbolea ya kwenda Malawi. Uyole tukakata kushoto, tukashuka Tukuyu katikati ya migomba na ukungu, hadi Kasumulu, tukavuka mto Songwe. Upande wa pili afisa wa mpakani, kijana mwembamba, alifungua pasipoti yangu, akasoma, akainua macho. “Muli bwanji, a Mavuto?” Alinisalimu kwa heshima, kama mtu anayemsalimu mjomba wake. Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba lugha yake siijui. Akamwita mwenzake aje amwone Mavuto asiyejua Kichewa! Kisha akaanza kunihesabia kwa vidole: shemeji yake ni Mavuto, mwalimu wake wa darasa la nne alikuwa Mavuto, fundi wa baiskeli mtaani kwao ni Mavuto.

Danieli, ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu mtu kulitamka jina hili bila kuniomba nilirudie. Mombasa nzima tuko nyumba nne, zote unazijua, ukihesabu na ile ya Rabai. Nilipokwenda kuchukua kitambulisho, karani wa ofisi moja aliniuliza hili ni jina la wapi. Nikasema la hapa, Freretown. Babu yako alizaliwa wapi? Freretown. Na baba yake je? Nikanyamaza. Nikaambiwa nilete wazee wawili wanithibitishe, mimi niliyezaliwa pale ambapo nikitoka mlangoni naiona kengele ya Kengeleni. Kitambulisho kilipotoka kiliandikwa Mafuta. Nilirudi mara tatu. Sijasahau ile foleni, na sijasahau watu waliokuwa nyuma yangu walivyosikia nikiulizwa kwa sauti mimi ni mtu wa wapi.

Ndiyo maana pale Songwe nilitaka kumkumbatia yule kijana. Kisha nikamuuliza maana yake, akaniambia, na furaha yote ikanitoka.

Jioni tulilala Karonga. Mama mmoja aliyeuza usipa, wale dagaa wao, alijua Kiswahili vizuri, nikamweleza. Hakucheka. Akasema kwao mtoto hupewa jina la hali aliyozaliwa nayo. Chimwemwe ni furaha, Mphatso ni zawadi, Chisoni ni huzuni, na Mavuto ni yule aliyezaliwa nyumba ikiwa na shida: pengine baba amefariki, pengine ni njaa. Akasema si mkosi, ni kumbukumbu. Mbona hata sisi pwani tuna Mashaka, tuna Tabu, tuna Shida, na hakuna anayeshtuka akiitwa mmoja wao? Mwambie mkeo hilo.

Lakini mimi sikulala usiku ule, na si kwa sababu ya maana. Nilikuwa nawaza jina lilivyoandikwa.

Unajua tulivyofika Freretown, hapa Kisauni. Baada ya mkataba wa 1873, Sultani Barghash alipofunga soko la watumwa la Unguja, manowari za Waingereza zilizidi kuyafukuza majahazi baharini, na waliokombolewa wengine wakaletwa hapa, kwenye kijiji ambacho wamisheni walikianzisha 1875 na kukiita kwa jina la Bwana Frere, Mwingereza aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Wengi walitoka pande za Ziwa Nyasa, wakateremshwa kwa miguu hadi Kilwa. Na wengi walipewa majina mapya. Jacob Wainwright, Myao aliyekuwa miongoni mwa walioileta pwani maiti ya Livingstone, hakuzaliwa Wainwright. William Jones wa Rabai hakuzaliwa Jones. Majina waliyopewa na mama zao yalipotelea njiani.

Mkuu wetu alikuwa mtoto. Kwenye ubatizo aliongezewa Tomasi, lakini Mavuto likabaki. Sasa mimi hujiuliza: kijana asiyejua Kiswahili akiulizwa “U nani?” na “Una nini?”, atatofautisha vipi? Labda alidhani anaulizwa ana nini, akajibu kwa lugha yake kile alichokuwa nacho. Matatizo. Karani akaandika. Ikiwa ni hivyo, basi hatuna jina, tuna kilio cha mtoto kilichoandikwa kitabuni.

Kisha najibishana mwenyewe. Hapana. Wamavuto ni wengi kule, afisa alinihesabia. Mtoto anajua jina lake kabla ya kujua kitu kingine chochote. Alisema jina lake. Halafu tena nasema, wewe unajuaje? Unataka iwe hivyo kwa sababu inakupoza. Miaka yote hii sijakata shauri, ila umri unavyosogea naegemea kwenye jina. Kwa sababu kama ni jina, basi kulikuwa na mama aliyelichagua. Katika hadithi ya juya hamkuwa na mama. Mkuu wetu alitokea ufuoni akiwa mtu mzima mwenye nguvu, kama vile bahari ndiyo iliyomzaa. Yule mama wa usipa ndiye aliyenipa mama wa mkuu wetu. Hakuna kitu kingine cha mama huyo kilichofika Kisauni, hata kipande cha nguo. Jina ni amana, Danieli. Nimewaambia tangu mkiwa wadogo, na nilikuwa nasema tu. Karonga ndiko nilikoelewa.

Na jambo jingine linaniuma. Waliomswaga yule mtoto hadi Kilwa walisema Kiswahili, lugha hii ninayokuandikia, ambayo ndiyo pekee niliyo nayo.

Niliporudi nilimwambia babu yako. Alikuwa amekaa kibarazani akishona juya, uzi ameubana kwa kidole gumba cha mguu. Nilimweleza yote, Songwe, Karonga, mama wa usipa. Mkono ulisimama. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, “Sisi ni watu wa kuvuta,” akaendelea kushona. Nilimwona akikosa tundu, akarudia, akalikosa tena. Sikufungua tena mdomo, na alipofariki nilishindwa kuwaambia kitu ambacho yeye hakutaka kisemwe. Labda naye alikuwa amesikia zamani. Labda babake alimwambia, wakaona afadhali mtoto arithi juya kuliko minyororo. Siwezi kumlaumu. Ila nawe usinilaumu.

Sasa unataka niseme umwandikishe au usimwandikishe. Ulimi unaniwasha, Mungu anajua. Jina ni amana, na amana mtu hairudishi njiani. Lakini mtoto ni wenu nyinyi wawili, na mkeo ndiye aliyemchukua mimba miezi tisa. Kama yule mama wa ziwani alichagua, naye ana haki ya kuchagua. Siwaamulii. Nimeandika jibu langu hapa, nikalikata kwa kalamu mara mbili.

Ila kama mtamwandikisha, simama wewe mwenyewe mbele ya karani, mtajie herufi moja moja, kisha unitumie picha ya cheti. Ni V, si F. Na mwisho ni O.

Baba yako.