Ukipanga likizo Alabama, anzia Montgomery

Wengi wetu tunaoishi Georgia, likizo ikifika huikata Alabama bila kusimama hadi fukwe za Gulf Shores. Mchanga wa kule ni mweupe kweli, sibishi. Ila nakuomba, kabla ya bahari, itengee Montgomery na Selma siku mbili.

Montgomery tembea kwa miguu. Kanisa la Dexter Avenue, ambako Martin Luther King alianza uchungaji mwaka 1954, liko hatua chache kutoka jengo la bunge la jimbo. Mbele ya bunge hilo, mwaka 1861, Jefferson Davis aliapishwa kuongoza majimbo yaliyojitenga ili utumwa usiguswe. Simama barabarani uyatazame majengo yote mawili. Ni mji huohuo alikokamatwa Rosa Parks, Desemba 1955, kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti cha basi, watu Weusi wakasusia mabasi siku 381.

Legacy Museum usiikose. Kuna rafu za mitungi ya kioo iliyojaa udongo uliochotwa mahali watu Weusi walipouawa na makundi ya Wazungu bila kufikishwa mahakamani. Udongo mwingine mweusi, mwingine mwekundu, mwingine mchanga mtupu, na kila mtungi una jina la mtu. Soma majina, tena taratibu. Usipite ukipiga picha tu. Baadaye nenda kwenye mnara wa kumbukumbu ya watu hao, uliofunguliwa 2018. Vyuma zaidi ya 800, kila kimoja cha kaunti yake, unavikuta vikiwa usawa wa macho. Sakafu inateremka kidogokidogo, mwishowe vinaning'inia juu ya kichwa chako. Kwa watoto wadogo ni mazito mno.

Selma ni kama saa moja kwa gari. Daraja la Edmund Pettus livuke kwa miguu ukitokea mjini. Limepanda katikati, kwa hiyo ukiwa chini huoni ng'ambo. Machi 7, 1965, mwanaharakati John Lewis na wenzake wapatao 600, wakiandamana kudai haki ya kupiga kura, walifika kileleni ndipo wakawaona askari wamejipanga. Walisonga mbele hivyohivyo, wakapigwa virungu na mabomu ya machozi. Agosti mwaka huo sheria ya haki ya kupiga kura ikasainiwa.

Nenda Machi au Oktoba. Joto la Julai linachosha. Na ukifika Selma, kula hapohapo. Maduka mengi yamefungwa, mji unahitaji hela ya wageni.