Ukipewa jino la nyangumi, ligeuze kwanza

Kwenu mnaoanza kazi ya kukagua meno ya nyangumi yaliyochorwa na mabaharia wa zamani: msianze na picha. Picha ndiyo inayouza, na mghushi analijua hilo vizuri kuliko ninyi. Ligeuze jino, utazame shinani.

Mengi ni ya yule nyangumi atoaye ambari. Shina lake lina shimo linalochongoka kwenda ndani, isipokuwa kama lilikatwa, na pale kwenye ukingo utaona tabaka la nje lina rangi tofauti na la ndani. Bandia za plastiki humiminwa kwenye kalibu. Ukizitazama kwa lenzi, mara nyingi utakuta vitundu vya hewa, na mistari yote ina kina kimoja.

Mkono wa mtu haufanyi hivyo. Baharia wa Nantucket au New Bedford, bandari za wawinda nyangumi huko Marekani, karne ya 19, alikwangua jino kwa kisu, akalisugua kwa ngozi ya papa, akachora kwa ncha ya kisu au sindano ya kushonea matanga. Kisha alipaka masizi na kufuta, weusi ukabaki mikwaruzoni. Mstari wake huanza mwembamba, hudidimia, mara huteleza. Wale mabibi wenye magauni mapana unaowaona kwenye meno, wengi walinakiliwa kutoka magazetini: karatasi ilibandikwa juu ya jino, ikatobolewa kwa sindano kufuata picha. Tafuta vidoa vya sindano hiyo chini ya mistari. Mimi naviamini kuliko sahihi ya mchoraji.

Sahihi huigwa. Frederick Myrick, baharia wa meli Susan ya Nantucket, alitia jina na tarehe kwenye meno aliyochora mwaka 1828 na 1829, na umaarufu huo umezaa nakala tele za plastiki. Jino linalojieleza mno, jina la meli, nahodha, mwaka na bandari vyote pamoja, lishuku.

Kuna watakaokwambia uchome kwa sindano ya moto. Kataa, likiwa halisi umeshalitia kovu. Tumia taa ya urujuanimno: jino kwa kawaida hung'aa weupe wa samawati, plastiki nyingi hufifia. Lakini taa haitakwambia kama jino la kale limechorwa juzi, na huo ndio mtego mgumu kuliko yote.

Halafu sheria. Nyangumi huyu wa ambari yumo katika Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na Marekani ina sheria yake ya kulinda mamalia wa baharini tangu 1972. Usilivushe mpaka bila kibali. Barua ya urithi, risiti ya mnada, hata picha ya sebuleni inayoonyesha jino juu ya kabati, vitunzwe pamoja nalo.